Mtu wa Kumi na Moja Kaburini

Kibiti,
9 Desemba 1997

Kwa dada yangu Mwamini,

Assalaam alaikum. Shikamoo dada. Mimi ni mzima, lakini habari niliyonayo si nzuri, nami nakuomba ukae kitako kabla hujaendelea kusoma.

Mjomba Muhidini amefariki. Alianza kuharisha Alhamisi alfajiri, adhuhuri hakuweza kusimama, na magharibi ilipoingia alikuwa ameshakata roho. Ni kipindupindu. Tumemzika Ijumaa asubuhi.

Najua utauliza kwa nini hukuitwa. Dada, hatukuruhusiwa kumngoja mtu. Amri ya Kamati ya Dharura ni kwamba maiti wa ugonjwa huu azikwe upesi, asioshwe na watu wa nyumbani, na wanaomsindikiza kaburini wasizidi kumi. Ofisi imeniazima kwa kamati hiyo niwe karani wake, kwa hiyo hata hao kumi niliwahesabu mwenyewe, daftari mkononi, pale njia inapoingia makaburini. Nilijihesabu na mimi.

Bi Sijaona naye alikuja. Unamjua, hazuiliki. Alifanya utani kidogo kama ilivyo desturi, wafiwa wakacheka, tukazika. Usiwe na wasiwasi.

Jambo jingine: kwa sasa usimletee Bi Sijaona kamba wakavu. Kamati imefunga biashara zote za chakula kilichopikwa, vitumbua, supu, chai, juisi, hata matunda ya kukata. Meza yake ya vitumbua pale stendi imefungwa pamoja na za wenzake. Ni kwa muda tu.

Chemsheni maji ya kunywa, hata kama shemeji Sadala atasema yanapoteza ladha.

Mdogo wako,
Idrisa


Mbuchi,
17 Desemba 1997

Kwa Idrisa,

Waalaikum salaam. Marahaba. Uliniambia nikae, nikakaa, nikasoma, nikainuka, na tangu niinuke sijakaa tena. Mjomba aliyetulea baada ya baba kufa anafukiwa mbio mbio, na mimi naipata habari kwa mtu wa boti kama bei ya ngarawa! Mungu amrehemu. Sikulaumu wewe kwa amri ya wakubwa. Lakini nimeudhika, ujue.

Kilichonipoza ni hicho cha Bi Sijaona. Hebu niandikie alisema nini, neno kwa neno, maana wewe una kichwa cha kukumbuka. Si unakumbuka walivyokuwa wakitukanana kila asubuhi? Mjomba: "Wewe mwanamke wa ng'ambo ya Ruvuma, siku nikifa usinikaribie, utanila nyama." Na yeye: "Nyama ipi? Mifupa mitupu! Labda nikuchemshe wagonjwa wapate supu." Abiria walikuwa wakiachwa na mabasi kwa kucheka.

Huku gari la barafu hatujaliona wiki ya tatu. Wanunuzi wanasema ng'ambo hawataki kitu chochote kilichotoka kwenye maji yetu. Tukianika, mvua. Kamba wanaoza chanjani na watoto wanatembea wameziba pua.

Sasa nijibu hili. Jana Miraji wa boti katoka Nyamisati na maneno. Anasema meza ya Bi Sijaona haikufungwa tu, imevunjwa ikachomwa moto, na mwenyewe kawekwa chini ya ulinzi. Ati kuna karani kaandika kwamba yeye ndiye aliyemuua Mjomba. Nikamwambia, "Miraji, uwongo wako uuze Nyamisati. Ndugu yangu yuko kwenye kamati hiyo hiyo, angeniambia." Akaenda kufunga boti yake. Nijibu upesi nipate kumwaibisha.

Dada yako,
Mwamini


Kibiti,
26 Desemba 1997

Kwa dada Mwamini,

Assalaam alaikum. Shikamoo.

Miraji hakusema uwongo mtupu. Bi Sijaona amewekwa katika ghala la zamani la korosho pamoja na wakimbizi wengine saba. Wanapewa uji. Meza iliondolewa kwa sababu za kiafya.

Nikueleze utaratibu ulivyo. Imetangazwa kwamba biashara ya chakula itafunguliwa kwa mwenye vitu viwili: choo kilichokaguliwa, na barua ya mwenyekiti wa kitongoji ya kuthibitisha ukazi. Wenyeji wamepata barua hizo siku moja. Wakimbizi wamekataliwa, kwa kuwa kisheria wanatakiwa wawe kambini, siyo mjini. Miaka yote walikuwa wakilipa ushuru wa meza na hakuna aliyewauliza habari ya kambi. Rukaiya, yule muuza juisi aliyetoka Msumbiji na Bi Sijaona, alijaribu kufua nguo za watu. Watu wakaogopa maji yake, wakaacha kumpa. Kinyozi Mrundi amefungiwa kibanda ingawa hajawahi kumpikia mtu hata chai. Wanaume wao walipata kazi moja tu, kuchimba vyoo, kwa sababu kila nyumba imeamriwa iwe nacho. Shimo la futi kumi na mbili kwa kilo mbili za unga. Kwa hiyo vyoo vilivyowapatia wenyeji vibali vimechimbwa na wao, na wao wenyewe kibali hawana. Nililiona jambo hilo. Sikusema kitu.

Kuhusu Bi Sijaona, imeandikwa katika taarifa ya mazishi kwamba alitamka maneno fulani. Taarifa ikafikishwa kwa Bwana Afya, ambaye ni mgeni hapa, ikasomwa kikaoni, ikachukuliwa kuwa amekiri. Ikaamuliwa azuiliwe.

Naomba barua hii usiisome mbele ya watu. Ramadhani inaingia, nakutakia funga njema.

Mdogo wako,
Idrisa


Mbuchi,
6 Januari 1998

Idrisa,

Salamu ni haki ya Mwislamu, nimekupa. Haya.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya tatu nikamsomea shemeji yako. Sadala si mtu wa maneno mengi. Akauliza, "Huko Kibiti kalamu zinatembea zenyewe?" Imeandikwa, ikafikishwa, ikasomwa, ikaamuliwa. Ofisi nzima haina mtu mwenye mikono! Mimi niliishia darasa la saba, lakini najua taarifa ya mazishi huandikwa na karani. Na karani aliyesimama na daftari kwenye njia ya makaburini uliniambia mwenyewe ni nani.

Sema ni wewe. Sema kwa mkono wako.

Na kama ni wewe, nikukumbushe, maana nadhani huko sekondari walikupa mengi wakakutoa mengine. Mwaka ule Bi Sijaona alipofika na kanga moja, amekimbia vita, wazee walimuuliza kabila. Akasema Mmwani. Hakuna aliyejua Wamwani ni watani wa nani. Wazee wakakaa, wakasema mtu hawezi kuishi mji huu bila mtani, akifa nani atamchekea? Wakampa utani na sisi. Mjomba Muhidini ndiye aliyeanza, alimtukana pale pale barazani, na yeye akamrudishia, watu wakapiga vigelegele. Hiyo ndiyo barua yake ya ukazi. Imeandikwa wewe ukiwa bado unaandika kwa penseli.

Na mimi nilipoolewa huku Mbuchi, nani alikulisha miaka minne ya sekondari? Nilikuwa namletea kamba, lakini kamba wale hawakutosha nusu ya ulichokula. Ulikuwa ukija na daftari zako anakwambia, "Mwana wa wala kamba, usishike kitabu, kitanuka!" halafu anakupakulia vitumbua vya moto. Hukwenda shule na njaa hata siku moja.

Mtani hashitakiwi. Akisema kakuua, kakuua. Akitaka ng'ombe, unampa kuku. Mtoto wa miaka sita anajua hilo. Wewe una vyeti viwili.

Nimekasirika mpaka futari hainipiti.

Mwamini


Kibiti,
15 Januari 1998

Kwa dada Mwamini,

Assalaam alaikum. Shikamoo, hata kama hutaki kuipokea.

Ni mimi. Niliandika mimi, kwa mkono huu.

Uliniomba neno kwa neno. Watu kumi walikuwa wametimia na Bwana Afya amesimama kando na bomba lake la dawa. Tukiwa tunataka kumshusha Mjomba, Bi Sijaona akatokea nyuma ya makaburi, kanga kaifunga kilemba, ufagio begani kama bunduki. Akarukia ndani ya kaburi. "Hazikwi mtu hapa! Huyu nimemuua mwenyewe, kwa vitumbua vyangu na maji ya kisima changu. Kala miaka kumi na moja, nimemwambia atakufa, hakusikia. Nipeni changu nitoke!" Mzee Abdulswamadu, mchimba kaburi, akamwambia, "Toka humo, mchawi wewe, hilo si lako!" Akamjibu, "Kama si langu mbona limenitosha? Yeye hatatosha, ana tumbo la kitumbua!" Dada, hata mimi nilicheka. Shangazi aliyekuwa hajalia wala kusema tangu jana yake alicheka, halafu akalia. Tukampa Bi Sijaona kitambaa na ndizi mbili, akatoka, akasaidia kufukia kwa mikono.

Bwana Afya akaniuliza, "Huyu ni wa ngapi?" Nikasema, "Wa kumi na moja, mheshimiwa." Akasema, "Andika."

Nikaandika hivi: "Mwanamke mkimbizi aitwaye Sijaona alifika bila kuitwa, akazuia maziko na kutamka mbele ya watu kwamba amemuua marehemu kwa vitumbua vyake na maji ya kisima chake." Neno utani sikuliweka. Kama ningeliweka, angeniuliza utani ni nini, na kama nilijua watani huja mazishini kwa nini sikuweka mtu wa kuwazuia, na kosa lingekuwa langu. Orodha ya watumishi watakaopunguzwa inatoka mwezi wa tatu. Ofisi yetu tuko makarani watatu, na wanataka mmoja. Niliona ni afadhali aonekane amevamia kuliko nionekane nimemruhusu. Niliipitia taarifa mara nne. Hakuna neno la uwongo ndani yake hata moja. Hilo ndilo linalonitia wazimu.

Nilidhani itaishia kwenye faili. Wallahi nilidhani hivyo.

Lakini usidhani ni mimi peke yangu wa kukasirikiwa. Bwana Afya hajui. Ni mtu wa mbali, amefanya kazi yake. Mwenyekiti wa Kamati ni mtu wa hapa hapa. Alimjua Mjomba, alimjua Bi Sijaona, amekula kwenye meza ile. Alipoisoma taarifa yangu alicheka kwa sauti, akasema, "Huyu mwanamke!" Kisha akaacha kucheka, akaisoma tena polepole, akapiga muhuri. Nilikuwa nimesimama mbele yake. Sasa hivi mahali palipokuwa na meza ya Bi Sijaona pana meza mpya yenye bati jipya, na anayeuza pale ni mke wa Mwenyekiti. Anauza vitumbua. Ramadhani hii foleni ya futari inafika barabarani. Vibaya, vimejaa mafuta, na watu wananunua! Walewale waliokuwa wakisema hakuna kama vya Bi Sijaona. Nilipita jana nikatamani kuipiga teke meza ile. Nikampa salamu mama mwenyekiti, nikapita.

Lori la kuwapeleka wakimbizi kambini, huko bara, linangoja barabara ipitike. Wanasema tarehe 28. Wote wanane. Kati yao wamo waliozaa hapa, watoto wao wanasoma hapa.

Nifanye nini dada? Nikisema ilikuwa utani, wataniuliza kwa nini sikuandika siku ile, na hapo kazi imekwisha. Nishauri.

Idrisa


Mbuchi,
20 Januari 1998

Idrisa,

Ulipokuwa unaandika ile ya kwanza hukuniuliza. Hii nayo usiniulize.

Ningekuja mwenyewe, lakini mto umepanda na hakuna boti inayovuka. Miraji kakubali kuibeba barua hii kwa miguu kuanzia pale maji yanapoishia. Kanikatalia hata nauli. Kasema, "Mwambie yule karani mke wangu ni Mrundi."

Sikujua. Miaka yote hii napanda boti yake na sikujua.

Mwamini


Kibiti,
26 Januari 1998

Mwenyekiti,
Kamati ya Dharura ya Kipindupindu,
Kibiti.

Ndugu,

YAH: MASAHIHISHO YA TAARIFA YA MAZISHI YA MAREHEMU MUHIDINI

Husika na somo hapo juu.

Mimi niliyetia saini hapo chini ndiye niliyeandika taarifa ya tarehe 5 Desemba 1997. Napenda kuifahamisha Kamati kwamba taarifa hiyo ina upungufu, na upungufu huo ni wa makusudi.

Bi Sijaona ni mtani wa ukoo wa marehemu. Utani huo alipewa na wazee wa hapa mbele ya mashahidi, na baadhi yao wako hai. Maneno aliyoyatamka kaburini ni maneno ya utani wa msibani, ambayo kwa desturi ya watu wa hapa hayachukuliwi kuwa ushahidi wala kukiri kosa. Kila aliyekuwepo alilijua jambo hilo, isipokuwa Bwana Afya, ambaye sikumweleza. Mwenyekiti pia analijua.

Kisima cha Bi Sijaona kilipimwa tarehe 11 Desemba. Majibu yako katika faili nililolitunza mimi, ukurasa wa thelathini na mbili. Havikuonekana vijidudu. Karatasi hiyo haikusomwa kikaoni.

Sababu ya kutoandika neno "mtani" ni kwamba niliogopa kuulizwa kwa nini watu walizidi kumi. Hakuna sababu nyingine.

Naomba Bi Sijaona aachiliwe na arudishiwe mahali pake pa biashara. Nakala ya barua hii nimempa Bwana Afya mkononi.

Wako mtiifu,
Idrisa M.
Karani


Ngorongo,
19 Februari 1998

Bwana Karani,

Assalaam alaikum. Natumaini u mzima wa afya, na Idi ilikupita vizuri. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Naandika mwenyewe, unisamehe mwandiko. Nilijifunza darasa la ngumbaru hapo Kibiti, Mjomba wako akinicheka.

Barua zako mbili ulizoniletea kupitia kwa Mwamini nimezipata. Unaniomba radhi. Unaniuliza kama nimekusamehe, na kwa nini ulipokuja stendi siku ile nilikupa mkono tu nikapita. Nitakujibu.

Siku ya lori tulikuwa tumeshapanda. Mvua inanyesha, turubai limetoboka. Bwana Afya akaja mbio na barua yako, kalowa, viatu vimejaa tope. Akagombana na Mwenyekiti pale pale mbele ya watu. Nilimsikia akisema, "Umenifanya mjinga!" Kumbe mgeni ndiye aliyeona aibu. Mwenyekiti akaichukua barua, akatafuta ndani yake, akapata jina moja. Akaita, "Sijaona, shuka."

Nikashuka. Rukaiya akanishika kanga. Akasema, "Dada, na sisi?" Tulivuka Ruvuma pamoja, mimi na yeye, amembeba mwanawe aliyekufa na hajui kama amekufa. Nikamgeukia Mwenyekiti, nikamwambia na hawa je? Akasema, "Hao hawana barua." Yule kinyozi akacheka. Akasema, "Tungejua tungekwenda kutania makaburini." Lori likaondoka.

Saba, Bwana Karani. Umeandika karatasi nzima, umeandika mpaka ukurasa wa faili, na hukukumbuka kuandika kwamba wale saba hawakumuua mtu, hawakusema wamemuua mtu, hawakuja hata mazishini. Uliandika juu yangu kwa sababu mimi nilikulisha. Nashukuru. Lakini mtu akikamatwa na wenzake kwa kosa la kutokuwa na barua, halafu akatolewa peke yake kwa kuwa ana mtu ofisini, hiyo si haki. Hiyo ni bahati, nami nimeionea haya mbele ya watu wangu.

Meza sikurudishiwa. Walisema bati ni la mwenyewe na mahali pamekwisha kupewa mtu. Nikapika vitumbua nyumbani, nikatembeza. Watu wakasema, "Karibu Bi Sijaona, tumefurahi umetoka," na hawakununua. Wanapokea salamu kwa mkono wa kulia na kuwavuta watoto kwa mkono wa kushoto. Nimekuja huku Ngorongo kupalia mpunga wa watu. Tunalipwa kwa mpunga, tukiishavuna. Nalala kwenye dungu, nafukuza ndege. Kwa umri wangu.

Nimesikia nawe wamekuondoa kazini kabla hata orodha haijatoka. Pole. Sikufurahi, usidhani nimefurahi. Lakini wamekunyang'anya kalamu ya ofisi tu. Ya kununua dukani unayo, na hakuna mtu Kibiti anayeandika kama wewe, hilo nalijua kwa gharama yangu.

Sasa nikueleze kwa nini nilikupa mkono nikapita. Mtani hakasiriki. Akikutukana unacheka, ukimtukana anacheka, hata kama kuna maiti katikati. Mimi nimekasirika. Nimelala na hasira nikaamka nayo mwezi wa pili huu. Basi siwezi kukutania, itakuwa uwongo. Na radhi ya mdomo siwezi kukupa, nayo itakuwa uwongo, na maandishi ya uwongo tumeshayaona kazi yake.

Nakutaka barua saba. Siyo moja yenye majina saba. Watatafuta tena ndani yake, watachagua jina, watasema shuka. Kila mtu na yake. Andika alikuja lini, alifanya kazi gani, alilipa ushuru meza ipi, alichimba choo cha nani. Majina kamili anayo mke wa Miraji, kamuulize kwa adabu. Zipeleke wilayani, wakikataa peleka mkoani, wakikataa rudi tena. Na uziandike wewe, usitafute mtu.

Ukimaliza ya saba, njoo Ngorongo uliza dungu langu. Nitakutukana wewe na ukoo wako wa wala kamba matusi ambayo masikio yako hayajapata kuyasikia.

Mpaka siku hiyo, tukikutana njiani nitakuuliza hali, nitawauliza wa nyumbani, nitakuombea afya, nitakuita Bwana Karani. Nitakuheshimu.

Wasalaam,
Sijaona binti Saidi